Nyimbo za Chini ya Sakafu

Sahani ziligongana kabatini, moja, mbili, kisha zote pamoja. Ndipo ngoma ikasikika kutoka chini ya sakafu, na besi ikafuata, nzito kama lori lililokwama thelujini.

Bwana Brandt alisimama jikoni kwa akina Kangas, kofia mkononi, akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Hakutikisa hata mguu.

"Wapo wote," alisema Leena Kangas. "Twende."

Aliteremka ngazi mbele yake. Kaka yake Arvid aliliacha gitaa likining'inia shingoni, akamkumbatia hivyohivyo. Miezi minane hawakuwa wameonana.

"Nyota kashuka!" Duane akapaza sauti nyuma ya ngoma zake. "Samahani mheshimiwa, zulia jekundu limeliwa na panya."

"Na wewe bado unapiga kama unawafukuza hao panya," Leena akamjibu.

Walicheka wote, isipokuwa Marcy, mpiga besi. Marcy alikuwa anamtazama Brandt.

Leena na hao watatu ndio walioanzisha bendi yao, Msumeno, humo humo chini ya nyumba, majira yale ya baridi kiwanda cha karatasi kilipoanza kupunguza watu. Walianzia kwenye Ijumaa za samaki wa kukaanga, kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, wazee wakiwaomba wapunguze makelele ili wasikie nani kaitwa kuchukua sahani yake. Wakapiga kwenye maonyesho ya wilaya, baada ya mashindano ya matrekta. Mwisho wakapiga jijini Minneapolis, mbele ya watu mia nne, na Leena akaimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Brandt, mtu wa kampuni ya rekodi, alikuwa ukumbini. Siku tatu baadaye alimchukua Leena. Leena peke yake.

Tangu hapo kiwanda kilifungwa kabisa. Duane alikwangua theluji kwenye mapaa ya watu. Marcy alifuta meza. Arvid aliimba mwenyewe, kwa sauti aliyojua haifai, na watu wakaacha kuja. Alikuwa na nyimbo kumi na moja. Alitaka zitoke nje ya mji ule kabla hazijamfia mkononi. Hakuwa na kitu kingine duniani.

Sasa mkataba wa bendi nzima, aliokuja nao Brandt, ulikuwa juu ya spika.

"Nyimbo zenyewe nani aliziandika?" Brandt aliuliza.

"Arvid," alisema Marcy.

"Sote," alisema Arvid. Ndiyo ilikuwa sheria yao tangu mwanzo: katika Msumeno hakuna wimbo wa mtu mmoja.

"Mmezisajili mahali?"

Duane alicheka. "Bwana wee, sisi hata ngoma hizi hatujazisajili."

Marcy alikuwa amefika ukurasa wa nne. "Hapa wanasema miaka saba haturuhusiwi kupiga nyimbo zetu popote bila idhini yao. Hata harusini."

"Wangu ni hivyo hivyo," Leena alisema. "Kila mtu huanza hivyo, Marcy. Ndiyo kazi."

"Na kanda zetu zote za zamani ziwe mali ya kampuni?"

"Za kuhifadhi," alisema Brandt.

Marcy alimgeukia Arvid. "Tumtafute mwanasheria kwanza, Arvid. Wiki moja tu."

"Wiki moja!" Arvid aliruka. "Unajua kuna bendi ngapi zinamsubiri huyu? Dada yangu kanyenyekea kwa watu kwa ajili yetu miezi minane, nami nimwambie asubiri mwanasheria? Mwanasheria yupi? Yule anayeuza chambo cha samaki?"

Leena aliinamisha kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Arvid alitia sahihi. Duane akatia, akachora na fimbo mbili za ngoma pembeni. Marcy aliishika kalamu muda mrefu, akakiangalia chumba, gitaa, sura ya Arvid. Akatia.

Arvid alileta boksi la viatu lenye kanda kumi na tisa, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko mdogo wa Marcy. Ndizo zote. Brandt alizihesabu mara mbili.

"Ule wimbo wa mto," Leena alisema, "ulikuwa hauna ubeti wa mwisho. Uliumaliza?"

"Vuli iliyopita."

"Niimbie."

Arvid aliimba bila gitaa. Leena alimfuata taratibu, midomo ikicheza. "Tena," alisema. Arvid akaimba tena, akifurahi kama mtoto, na mara hii sauti ya dada yake ilipanda juu ya yake na kuubeba ubeti mzima hadi mwisho. Hata Marcy alifuta macho.

Kisha wageni wakaaga. Dirisha la chumba kile lilikuwa sawa na ardhi, na kwa ndani huwezi kuona ila miguu. Arvid aliona buti za Leena zikisimama kando ya gari, karibu na viatu vyeusi vya Brandt. Akazipungia mkono.

"Atajua," Leena alisema nje, pumzi ikimtoka mdomoni kama moshi kwa baridi. "Albamu yangu inatoka Aprili. Ataisikia redioni, nyimbo zake zote, na jina langu juu yake."

Brandt aliliweka boksi la kanda nyuma ya gari, akafunga.

"Acha asikie. Nimewasaini ili albamu yao isitoke," alisema. "Nakuahidi, Leena. Haitatoka kamwe."