Wa Kuanguka Miguuni pa Lagi

Lagi alikuwa katikati ya darasa, akicheza ngoma ya kwao taratibu kwa mdundo wa debe, pale mvulana mmoja mnene alipojitupa miguuni pake, akagaragara na kupiga makelele kama mwehu. Darasa likaangua kicheko.

"Toka nje!" mwalimu alifoka. "Mwenzako anacheza kwa heshima zake, wewe unamfanyia mzaha?"

Mvulana akajipangusa magoti, akatoka. Mdundo wa debe ukakatika.

Lagi alibaki na mikono hewani, mafuta ya nazi yakimeremeta hadi ncha za vidole. Mwalimu, aliyehamia kisiwani hapa, Apia, muhula huu tu kutoka ng'ambo, Wellington, akamsogelea kwa upole.

"Endelea, mwanangu. Hakuna wa kukucheka tena."

"Hakuwa akinicheka, mwalimu." Machozi yalimlengalenga. "Yeye akijishusha miguuni pangu, ndipo mimi napanda hadhi. Mtu akiachwa acheze peke yake hivi, watu husema hana kwao."

Mwalimu akatazama madawati. Watoto wote walikuwa wameinamisha macho, na aibu waliyoificha haikuwa ya Lagi. Ilikuwa yake yeye mwalimu.

Akavua viatu. Akaashiria debe lipigwe. Lagi alipogeuza kiganja cha kwanza, mwalimu akapiga ukelele, akajibwaga sakafuni pwaa! Miwani ikaenda zake chini ya meza.

Kichwa cha yule mvulana mnene kikachomoza dirishani.

"Mwalimu, huko ni kuteleza! Ngoja nije nikufundishe kuanguka."