Mtu wa Nyumbani

Msiisingizie sheria mpya ya kazi. Haikumkataza mtu kugoma. Ilichotaka ni kimoja tu: nafasi ya anayegoma ijazwe na mtu wa nyumbani kwake. Poongodi, katibu wa chama cha wafanyakazi katika kiwanda cha nguo mjini Tiruppur, nyumbani kwake alikuwa na mtu mmoja tu: mama yake mzazi, Rukmani, mwenye miaka sabini na mbili na mikono inayotetemeka.

Asubuhi ya mgomo, Poongodi alisimama langoni na wenzake. Desturi yao ilikuwa ile ile ya miaka yote: kila anayeingia kazini huzomewa, awe nani, na katibu ndiye anayeanzisha. Mama alipotokea, sare ya bintiye ikiburuzika chini, wenzake wote walimgeukia Poongodi.

"Msaliti!" akapiga kelele, na umati ukaitikia.

Mama, ambaye ujanani aliwazomea wengi kwenye lango hilo hilo, alisimama kidogo.

"Paza sauti, mwanangu. Huko ndani hawakusikii."

Jioni alirudi mkono wa kulia umefungwa bandeji nene. Mashine ya kukatia vitambaa ilikuwa imeondoka na vidole viwili. Poongodi akamwangukia miguuni akilia. Mama akampakulia wali kwa mkono wa kushoto, akamwomba radhi kwa kuutumia, kisha akauliza:

"Kesho mnaendelea kugoma? Niambie mapema, nifue sare. Ina damu."