Kiti cha Shangazi Venita

Islande alikipangusa kiti cha mbele kwa kiganja chake mwenyewe. Ukumbi wa mji wa Jacmel, Haiti, ulikuwa umefurika watu waliokuja kumwona mwandishi wa kwao, lakini yeye alikuwa akimngoja mtu mmoja tu.

"Atakuja kweli?" alimuuliza binamu yake, Guerda.

"Atakuja. Tangu nimalize kumsomea hicho kitabu, Mama analia tu. Chakula hagusi."

"Vizuri. Na alie."

Islande alishushwa kutoka milimani akiwa mtoto, wazazi wake wameahidiwa kwamba shangazi Venita, mama yake Guerda, atamsomesha. Shule aliisikia kwa masikio tu, akipita na ndoo kichwani. Alilala chini ya meza. Kahawa ikichelewa, alipigishwa magoti juu ya chumvi ya mawe, huku watoto wa nyumba ile wakinywa supu ya maboga. Jina lake likasahaulika, akawa anaitwa "Wewe." Herufi alifundishwa na Guerda kwa siri, nyuma ya jiko, kwa kipande cha mkaa.

Alipopata miguu ya kukimbilia, alikimbia. Akakua, akaandika riwaya. Katika riwaya hiyo alibadilisha majina tu. Mengine ya shangazi aliyaacha vilevile, hata ule msemo wake: "Mtoto ni kahawa, asipotwangwa hanukii."

Mji mzima ulimtambua. Wauza samaki walimrushia bibi yule msemo wake kila alipokanyaga sokoni. Islande alipopata habari hizo alilala usingizi mtamu, ambao hakuwa ameuonja tangu utotoni.

Mwalimu mmoja alisimama ukumbini. "Dada, msichana wako anaanza akiwa mnyonge, anaishia akiwa simba. Ni taabu ndiyo iliyomkomaza?"

"Taabu inaua, mwalimu," Islande alijibu. "Yeye aliishi kwa sababu alitaka kumwona mtesi wake akiaibika mbele za watu."

Makofi yalikuwa bado yanalia mlango ulipofunguliwa. Venita aliingia, amekonda, kitambaa cheupe kichwani. Watu wakampisha kama wanavyompisha mwenye ndui.

"Asipotwangwa hanukii!" sauti moja ikapaa kutoka nyuma. Kicheko kikalipuka.

Bibi hakugeuka. Kile kiti alikipita, akaenda moja kwa moja hadi alipokuwa Islande. Uso wake ulikuwa umelowa machozi.

Islande alisimama wima. Moyo ulimdunda kwa furaha kali. Angeomba msamaha? Angekana? Vyovyote vile, jibu lilikuwa limeshanolewa miaka na miaka, na halikuwa na huruma ndani yake.

"Sema, Shangazi," alisema kwa sauti ya kufika nyuma kabisa. "Watu wote hawa wanakusikiliza."

Venita alimshika mikono yote miwili, akaibusu.

"Mungu akubariki, mwanangu. Maisha yangu yote, hakuna aliyewahi kunililia." Akainua macho, akamtazama kwa mshangao, kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake. "Ila yule mwanamke aliyenitesa utotoni alizikwa wewe hujazaliwa, na mimi sijawahi kumtaja kwa mtu. Nani alikusimulia mambo niliyotendewa?"