Benchi la Wasichana

Shule yenyewe ilikuwa ndogo, na asiyekwenda kukomunika, yaani kupokea hostia, mkate mtakatifu, alionekana na wote. Fausta na Aristidi walikuwa wameapiana kwamba kwenye misa ya leo watabaki wamekaa wote wawili, kwa kuwa wana dhambi, kisha wakamwambie padri habari ya mimba ya Fausta. Lakini kule upande wa wavulana, Aristidi alisimama akaingia kwenye mstari.

Fausta akabaki peke yake kwenye benchi. Sista Godeliva akamwinamia.

"Mwanangu, huendi?"

"Siwezi, Sista."

"Kwa nini?"

Fausta alimtazama Aristidi akipokea hostia mkononi na kurudi, macho chini, akapiga magoti. Wenzake walikwisha kumeza. Yeye bado alikuwa ameufumba mkono, hostia ikiwa ndani.