Mstari wa Tatu

Mtu aliyekinunua kiwanda chetu cha redio kutoka serikalini aliniwekea rezista kiganjani. "Soma rangi zake, mzee. Asiyeweza kusoma anakwenda nyumbani leo."

Nilitabasamu. Nusu ya mafundi waliosimama nyuma yangu niliwafundisha mimi.

Kitu chenyewe, cha kupunguza umeme redioni, hakikuzidi punje ya mpunga, na kila rangi ya mistari yake ni tarakimu. Mstari wa kwanza, kahawia: moja. Wa pili, mweusi: sifuri. Wa tatu, unaoeleza sifuri za kuongeza, ulinigomea. Niliugeuzia dirishani, ukabaki kama tone la chai kuukuu.

"Onyokie, mwalimu," Silantoi, mmoja wa mafundi wale, alininong'oneza kwa Kiarusha, lugha ambayo tajiri hakuijua. Mwekundu: sifuri mbili. Jibu lilikuwa omu elfu moja.

Darasani kwangu, mnong'onaji na mnong'onezwa nilikuwa nikiwatoa nje wote wawili. Silantoi mwenyewe niliwahi kumtoa, akilia.

"Nasema ninachokiona," nilijibu kwa sauti. "Kahawia. Omu mia moja."

Nyuma yangu mtu alicheka. Tajiri hakucheka. Aliichukua rezista ile ile, akamkabidhi Silantoi.

"Haya, mama. Soma wewe, mzee asikie."