Kitu Kisichopigwa Mara Mbili

Mpiga piano alikaa dakika nzima mbele ya piano bila kugusa kitu, na tayari mama mmoja wa safu ya mbele alikuwa anatoa leso.

“Ameshaanza?” mwalimu wa chekechea akamnong’oneza dada yake.

“Bado. Anasikiliza ukimya.”

“Tumelipa kiingilio kusikiliza ukimya? Ungeniambia, dada, ningekaa nyumbani nikausikilize bure.”

Dada yake, aliyekuwa mkunga, akabana kicheko. Hakuja kucheka. Wiki ya tatu sasa alikuwa analala kwa mama yao, nguo zake zikiwa kwenye begi, na alasiri hii ya Jumapili ndiyo aliyojiwekea kuamua: ama arudi kwa mumewe, ama akachukue vilivyobaki. Mumewe ndiye huyo jukwaani, aliyefumba macho kama mtu anayesubiri sindano.

Mjini walimwita Papohapo. Alipiga jazi peke yake, bila karatasi, bila mazoezi, na alimwapia kila mwandishi wa habari kwamba hajawahi kupiga kitu kimoja mara mbili. Mazoezi, alisema, ni kifo cha msanii. Piano ya nyumbani kwao ilikuwa imegeuka mahali pa kuanikia soksi. Kila siku ya kazi, saa nane mchana, bwana mkubwa alivaa skafu yake akatoka kwenda “kutafuta ukimya”, akarudi jioni anauliza chakula. Mkewe, aliyekuwa akirudi zamu na miguu imevimba, alivumilia miaka miwili. Kisha siku moja akauliza ukimya huo una jina gani na unakaa mtaa gani. Papohapo akanuna siku nne. Ya tano, mkunga akafunga begi.

Aliyemtuliza muda wote huo ni huyu mdogo wake wa kike. “Wasanii ndivyo walivyo, dada. Usimfananishe na waume wa watu.” Na leo ndiye aliyejitolea kumsindikiza, ingawa jazi kwake ilikuwa makelele tu, na kwa maneno yake mwenyewe hajawahi kumsikia shemeji yake akipiga hata siku moja. “Mimi piano naijua ile ya darasani kwangu,” alisema walipokuwa wanaingia, “na ile ina bata amechorwa ubavuni.”

Mkunga mwenyewe aliletwa na ujumbe wa simu: *Njoo. Kinywa changu hakijui kuomba radhi. Vidole vinajua.* Aliusoma mara sita, na mara zote sita alijidharau.

Papohapo akafumbua macho. “Kitakachofuata sikijui,” akawaambia watu. “Asubuhi hakikuwepo, na kesho hakitakuwepo. Kinazaliwa sasa hivi, kwa ajili ya mke wangu, aliyeketi pale.”

Vichwa mia mbili viligeuka. Mkunga, ambaye alijua vizuri kitu kinavyozaliwa, akatazama viatu vyake.

Papohapo akagonga noti moja, akaiacha ining’inie. Ukumbi ukaguna kwa raha. Mama wa leso akatoa leso ya pili. Mwandishi wa gazeti akaanza kuandika mbio mbio. Yeye kazi yake ilikuwa habari za mpira, mwenzake wa sanaa alikuwa mgonjwa, lakini alitikisa kichwa kwa uchungu kuliko wote. Mzee mmoja akapiga makofi pasipostahili, akatazamwa vibaya, akajifanya anaua mbu.

Kisha kikaja kitu ambacho mkunga hakukitarajia. Mkono wa kushoto ukaanza kushuka taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akipapasa ukuta. Wa kulia ukauliza swali dogo, ukanyamaza, ukauliza tena. Mbwembwe zilikuwa zimeisha. Mkunga alisikia humo miaka yao yote: chumba kimoja cha kupanga, mimba iliyotoka, yeye akimpigia pasi shati moja lile lile kila Jumamosi ili akapige kwenye harusi za watu. Alikuwa amejiandaa kwa hila zote za mwanamume huyu, lakini si kwa hili. Kwani mtu atadanganyaje kwa kitu ambacho hajakipanga? Uongo unahitaji matayarisho.

Machozi yakamtoka, ya kweli, na wala hakuyafuta. Nimemwonea, akawaza. Nimemwonea mtoto wa watu kwa wivu wangu.

Jukwaani mikono ikainuka, vidole vikabaki hewani. Papohapo alionekana kutafuta pa kwenda. Ukumbi mzima ukamsubiri, hata mtu wa mpira akasahau kalamu yake.

Hapo mkunga akaamua. Atarudi nyumbani leo hii hii, begi atalifuata kesho. Akageuka amwambie mdogo wake.

Mwalimu wa chekechea alikuwa amefumba macho, mashavu yamelowa. Alikuwa akiimba puani, kwa sauti ndogo mno, noti nne zikipanda na moja ikishuka, ambazo piano ilikuwa bado haijazipiga.

Kisha vidole vya Papohapo vikatua, na piano nayo ikaimba: nne zikipanda, moja ikishuka.