Utani Kuhusu Yusufu

Fundi makochi alitema misumari yote mkononi, jambo ambalo hafanyi mpaka kochi liishe.

"Hebu rudia hapo," alimwambia mwanawe.

Mwanawe wa pekee alikuwa mhubiri wa kanisa jipya la mtaa wa pili. Kila Jumamosi alikuja hapa karakana, nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kujaribia mahubiri ya kesho. Mzee alikuwa wa kanisa la zamani, mtu wa rozari, lakini alimsikiliza mwanawe kuliko alivyomsikiliza padri. Mama naye alikuwa pembeni, anashona foronya za makochi.

Mhubiri akarudia kwa madaha. "Wapendwa, eti Mariamu alibaki bikira mpaka anakufa! Sasa Yusufu alioa, au aliajiriwa kulinda geti?"

Cherehani ya mama ikanyamaza.

"Futa," mzee alisema.

"Baba, hapo ndipo watacheka!"

"Ndiyo maana nakwambia futa."

"Biblia inataja wadogo zake Yesu, tena kwa majina."

"Hao ni binamu zake."

"Binamu gani, kutwa kiguu na njia na mama mkubwa, kama hawana kwao?"

Mzee alishusha nyundo kwenye ubao mtupu, vumbi likaruka. "Ukipanda na huo utani madhabahuni kesho, mimi na wewe basi. Hata nikifa usije kunizika."

Mhubiri alirudi nyuma hatua moja. Baba huyu hajawahi kumchapa hata kofi. Halafu hasira zikampanda naye.

"Unanikana mimi kwa ajili ya sanamu? Haya, mzee, tuongee kiume. Wewe ungeweza? Mke yumo ndani, mzuri, miaka nenda miaka rudi, humgusi? Huyo si mwanaume, baba. Hilo ni gogo!"

Mzee akavua aproni, akaingia ndani ya nyumba. Komeo likalia.

"Umemuona?" mhubiri alimgeukia mama yake. "Hoja zimemwishia, anasusa!"

"Koma!" Mama alisimama, foronya ikaanguka chini. "Koma, nasema! Niliingia nyumba hii na mimba yako, na aliyenipa hakuniomba. Alinifanyia unyama. Nilikuwa nikisikia sauti ya mwanaume natetemeka. Huyu akanioa hivyo hivyo. Akaniambia hatanigusa mpaka siku nitakayomwita mwenyewe."

Akaiokota foronya, akaikung'uta vumbi.

"Sijawahi kumwita."

Mhubiri alienda mlangoni, akagonga kwa kiganja.

"Baba, nifungulie."

Akagonga tena.

"Baba."